Mzee Wetu Mhunzi na Magobori ya Babu Yake

Mwezi huu tulipanga kuwaandikia habari za mitihani, lakini limetokea jambo hapa shuleni ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu kwenye foleni ya maji, na kila mtu analisimulia kivyake. Tumeona tuliandike sawasawa. Na kwa kuwa jambo lenyewe limetupeleka kwa yule mzee mhunzi aliye nyuma ya madarasa ya turubai, tumekaa naye jioni nne akatueleza kazi ya babu yake, nasi tumeona ni vibaya habari kama ile ikapotea. Mitihani itasubiri toleo lijalo.

Mzee ameomba tusimtaje jina. Watoto wanamwita Babu Nyundo na yeye anaitika, basi na sie tutamwita hivyo hivyo.

Tuanze na lililotokea. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alimpelekea Babu Nyundo kitu alichookota vichakani walikokwenda na wenzake kutafuta kuni. Alitaka kiyeyushwe, atengenezewe kisu kidogo. Kitu kilikuwa na ukubwa wa embe, kizito, kimeliwa na kutu. Wakati huo Babu Nyundo alikuwa anavukuta moto. Anasema alikitazama mara moja tu na hakukishika. Alimwambia mtoto akiweke chini polepole kama anayeweka yai, akamshika mkono wakaondoka, huku akipiga kelele watu wote watoke mpaka upande wa pili wa uwanja. Wahusika waliitwa, wakaja wakazungushia kamba, baadaye wakakiondoa. Hatukuambiwa kilikuwa kitu gani hasa, ila tuliambiwa kwamba kama kingeingia motoni tusingekuwa tunaandika jarida hili.

Sasa tuseme aibu yetu wenyewe, maana hili halisimuliwi kwenye foleni. Kitu kile kilikaa siku mbili ndani ya mkoba wa yule mtoto, darasani, karibu na ubao, na sisi tulikuwa tunafundisha sehemu na desimali. Tuliuona mkoba umelegea kwa uzito tukadhani ni mawe ya manati. Hatukuuliza. Watoto hamsini na kitu walikuwa mle ndani.

Tulipokwenda kumshukuru mzee tukamwambia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba wajukuu," akatuonyesha kigogo cha kukalia. Tukamuuliza alijuaje kwamba kile chuma ni kibaya. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi nimezaliwa nyumba ya bunduki. Chuma kilichotengenezwa kuua kina namna yake ya kufungwa. Babu yangu alinifundisha kabla sijafundishwa kusoma."

Nyumba ya bunduki

Babu Nyundo asili yake ni upande wa Palma, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Babu yake alikuwa mhunzi, lakini si mhunzi wa majembe tu. Alikuwa fundi wa magobori. Ninyi vijana ambao mmezoea kuona silaha za siku hizi hamlijui gobori. Ni bunduki ndefu ya zamani isiyo na kasha la risasi. Mtu anamimina baruti kwa mdomo wa kasiba, anatia kitambaa au nyuzi za usumba, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki, kisha ndiyo anatafuta wa kumpiga. Kama huyo wa kupigwa ni nyati na hakuanguka, basi mwindaji hana muda wa kushindilia tena, apande mti.

Magobori hayakuanza kwetu. Yaliletwa na biashara, na biashara ile, tuseme ukweli, ilikuwa ya pembe na ya watu. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 Wafaransa waliotoka kisiwa cha Morisi walikuja pwani hii, Ibo na Kilwa, kutafuta watumwa wa mashamba yao, na bunduki na baruti zilikuwa katika bidhaa walizolipia. Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776. Baadaye zilikuja nyingi zaidi kupitia Unguja. Mwaka 1888 konseli wa Kiingereza kule Unguja alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, na nyingine zilitengenezwa makusudi kwa soko la Afrika katika miji kama Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji. Mengi ya magobori hayo ya biashara yalikuwa ya bei ndogo, na kitu cha bei ndogo mnakijua kinavyokuwa, maana hata ndoo tunazonunua hapa sokoni zinapasuka kabla hazijateka maji ya wiki mbili.

Hapo ndipo fundi alipopata riziki. Mwenye kiwanda yuko ng'ambo ya bahari, gobori limevunjika kichakani kando ya Ruvuma, nani atalitengeneza? Mhunzi wa majembe. Na wahunzi walikuwepo tangu zamani, kabla bunduki hazijafika. Padre Yohana Abdallah wa Unangu, kule Niassa, aliyeandika historia ya Wayao kwa Kiyao ikachapishwa mwaka 1919, anaeleza kwamba Wachisi walikuwa ukoo wa wahunzi, wakizunguka nchi nzima na majembe yao, na kwamba safari zile ndizo zilizowafungulia Wayao njia ya biashara. Yaani jembe lilitangulia kusafiri, bunduki ikafuata.

Tulimuuliza Babu Nyundo ni kitu gani kilikuwa kinaharibika zaidi. Alisimama, akachukua kijiti, akatuchorea mchangani mtambo wa gobori la gumegume. Tutajaribu kueleza kwa maneno. Kuna kinyundo kinachouma jiwe la gumegume kwa meno yake. Mbele yake kuna kibao cha chuma kigumu kilichosimama, na chini ya kibao kuna kisahani chenye baruti kidogo. Ukifyatua, kamani inakisukuma kinyundo, jiwe linakwaruza kibao, cheche zinaanguka kisahanini, baruti inashika, moto unapita kwenye tundu dogo la ubavuni mpaka ndani ya kasiba, na gobori linalia. Likikosea, moto unawaka nje tu, pwii, na mwindaji anabaki na moshi machoni.

Sasa kila kitu katika hivyo kina ugonjwa wake. Kamani inakatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya kumtambua fundi, maana chuma cha jembe ni laini, ukikikunja kinakaa vile vile ulivyokikunja. Kamani inataka chuma cha pua, ichovywe ikiwa nyekundu ndani ya mafuta ya ufuta, kisha irudishwe motoni taratibu na kutazamwa rangi. Babu Nyundo anasema babu yake alikuwa akifanya kazi hiyo alfajiri gizani, kwa sababu jua likitoka rangi ya chuma haionekani sawasawa. Ikizidi moto, inakuwa laini. Ikipungua, inakatika kama muhogo mkavu. Hakukuwa na saa wala kipimo, ni jicho tu. Mtoto aliyekuwa anavukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi alikuwa haruhusiwi hata kukohoa. "Nilikuwa mimi yule," akasema. "Babu alikuwa mzee sana wakati huo, magobori yamebaki mawili matatu ya wawindaji wa nguruwe, lakini alitengeneza kama vile analetewa na sultani."

Ugonjwa wa pili ni kile kibao cha cheche. Kikichakaa hakitoi moto. Fundi alikuwa anatafuta tupa iliyokwisha meno, anakata kipande na kukipachika juu ya kibao cha zamani. Tupa ni pua tupu. Ndiyo maana, anasema, mpaka leo hatupi tupa iliyokwisha, na mkienda kwake mtaziona zimechomekwa kwenye paa la makuti kama mikuki midogo. Ugonjwa wa tatu ni mti wa bunduki, ule ulioshika kasiba, kupasuka. Huo ulitibiwa kwa ngozi mbichi: inavalishwa ikiwa na maji, inashonwa, inaachwa juani. Ikikauka inabana kuliko kamba yoyote. Wengine walizungushia waya wa shaba, ukang'aa, mwenyewe akatembea nao kwa maringo.

Na ugonjwa usio na dawa ni kasiba kupasuka. Hilo ndilo babu yake alilokuwa hacheki nalo. Mtu akileta gobori, kabla ya bei, fundi aligonga kasiba kwa nyundo ndogo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akasikiliza. Kasiba nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inalia kama chungu kilichopasuka. Ikilia vibaya, anairudisha, hata kama mwenyewe analeta kuku watatu. Wapo waliokasirika wakaenda kwa fundi mwingine, na Babu Nyundo anakumbuka kumwona mzee mmoja kijijini kwao ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili.

Habari za baruti, yaani shura, kiberiti na makaa, alitueleza pia, lakini hatutaandika vipimo. Na tafadhali watoto wasimuulize, maana amesema hatajibu.

Kuna jambo moja lilitushangaza. Tulidhani watu wa zamani walitaka bunduki mpya kila zilipokuja. Kumbe sivyo. Zilipotoka bunduki za fataki, wengi wa bara waliendelea kupenda gumegume, kwa sababu fataki zikikwisha huwezi kuzitengeneza kijijini, na bunduki inakuwa mchi wa kutwangia. Jiwe gumu unaweza kulipata. Halafu mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels wakaandika mkataba wa kuzuia silaha za kisasa na risasi zake zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na huku kwetu. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha utumwa, na kweli wafanyabiashara ya watumwa walizitegemea bunduki. Lakini wao wenyewe walikuwa wanaingia na za kisasa kutawala. Kilichoachiwa mlango kidogo ni lile gobori la gumegume na baruti yake ya biashara. Kwa hiyo gobori kuukuu likatengenezwa, likavunjika, likatengenezwa tena, baba akamrithisha mtoto. Fundi akawa mtu mkubwa.

Akawa pia mtu wa kutiliwa shaka. Mwaka 1891 Wareno waliikabidhi nchi hii yote, Cabo Delgado na Niassa, kwa Kampuni ya Niassa, nayo ikatawala mpaka 1929. Wazee wetu waliijua kwa kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa, na wengi walivuka Ruvuma kukimbilia Tanganyika. Uwanda wa juu wa Wamakonde haukushikwa na Wareno mpaka karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917 na kuendelea. Vita ile nayo ilipita hapa hapa: Wareno waliichukua Kionga kutoka kwa Wajerumani Aprili 1916, na Novemba 1917 jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck lilivuka mto kule Ngomano, likawapiga Wareno na kuchukua bunduki na risasi zao. Vijana wa pwani walibebeshwa mizigo ya pande zote.

Katika simulizi za nyumbani kwa Babu Nyundo, sipai walifika mara mbili kutafuta magobori kwa babu yake. Mara ya kwanza waliyachukua yote yaliyokuwa yanangoja kutengenezwa, na wenye mali wakaja kumdai fundi. Mara ya pili hawakukuta kitu, maana alikuwa amefungua mitambo yote, kasiba amezitia kwenye makuti ya paa, vinyundo na kamani amevichanganya katika debe la misumari. Sipai mmoja akalitazama debe, akachota misumari mkono mmoja akaondoka nayo kujengea choo chake.

Kutoka katika debe lile kimebaki kipande kimoja tu, kinyundo cha gumegume. Babu Nyundo alikitoa mfukoni akatupa tukishike. Ni kidogo, kama kidole gumba, kina meno mawili ya kuumia jiwe, na babu yake alikifua kwa kipande cha jembe lililovunjika. Mzee alitoka nacho Mocímboa da Praia mwaka 2020, pamoja na nyundo moja na tupa mbili. Fuawe hakuiweza kwa uzito, akaizika.

Alivyoacha

Wasomaji wengine watauliza, kama anajua yote hayo, kwa nini hatengenezi? Nasi tulimuuliza, tena kwa woga kidogo. Akasema babu yake alikufa kabla ya vita vya ukombozi, vile vilivyoanza kule Chai tarehe 25 Septemba 1964. Bunduki za vita vile zilikuwa za aina nyingine kabisa, hazikuhitaji mhunzi wa mivukuto. Baba yake akageukia majembe, visu na bawaba za milango, na yeye akafuata huko huko. Kisha vikaja vita vingine mpaka amani ya tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka hiyo, anasema, alikuja mtu usiku akitaka atengenezewe bunduki, akamwambia macho yake hayaoni vizuri. "Na yalikuwa yanaona mpaka Ibo," akasema.

Mmoja wetu alikuwa na picha kwenye simu, akamwonyesha kile kiti kilichotengenezwa kwa vipande vya bunduki na msanii wetu wa Msumbiji Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, mwaka 2001. Kiti hicho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Silaha zake zilitokana na mpango ulioanzishwa na Baraza la Wakristo la Msumbiji mwaka 1995, ukiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, ambapo mtu alisalimisha silaha akapewa jembe, baiskeli au cherehani. Tulidhani mzee atafurahi. Alivaa miwani, akakitazama kiti kwa muda mrefu, akakuza picha kwa vidole kama tulivyomfundisha, akasema, "Nani anaweza kukalia hiki? Kinakwaruza. Na kamani zake bado zimo humo, chuma kizuri vile kimekaa bure." Tukacheka sana. Baadaye, tulipokuwa tunaaga, akasema tumwonyeshe tena.

Kuhusu watoto kucheza bunduki za mabua, ambalo sisi walimu tumekuwa tukilipigia kelele na hata kuzichoma, mzee hakubaliani nasi. Anasema yeye alicheza hivyo hivyo, na kinachomtisha ni mtoto anayeficha, siyo anayecheza hadharani. Kati yetu hatujaelewana bado. Wawili wanasema marufuku ibaki kwa sababu wapo watoto darasani ambao wakiona bua limeelekezwa kwao wanalia na kukimbia nje, na wote tunajua walitoka wapi na waliona nini. Mmoja anasema mzee ana haki. Wazazi mnaweza kutuambia mnavyoona, mkutano wa wazazi ni mwisho wa mwezi.

Lakini hili hatubishani: kuanzia sasa kila asubuhi mikoba inawekwa mezani na kufunguliwa, na tunaomba nanyi mfanye hivyo nyumbani mtoto akirudi kutoka kuni, machamba au ufukweni. Chuma chochote kisichojulikana, hata ganda la risasi analolipulizia kama filimbi, asikiguse, asikipige jiwe, asikitupe motoni wala majini. Aache hapo hapo alipokiona, akumbuke mahali, arudi kwa njia ile ile aliyokwenda nayo, aje amwambie mtu mzima. Na mtu mzima asimpige. Yule mtoto wetu alificha kile kitu siku mbili kwa sababu alijua akisema amekwenda mpaka vichaka vile atachapwa. Ametuambia mwenyewe.

Sasa hivi anashinda kwa Babu Nyundo kila baada ya masomo, yeye na wenzake wawili, wanavukuta. Bado hawajaruhusiwa kushika nyundo. Mzee amewapa kazi ya kugonga vipande vya chuma chakavu kimoja kimoja na kusema kipi kizima na kipi kina ufa kwa kusikiliza tu, wakiwa wamefumba macho. Mtoto wetu anapata vinane kati ya kumi. Sisi walimu tulijaribu, tukapata vitano, vinne, na mmoja hataki kusema.

Kwa fuawe anatumia kipande cha ekseli ya lori kilichochimbiwa ardhini, lakini hakimridhishi, anasema kinaruka. Ile ya kwake iko chini ya mwembe Mocímboa da Praia. Jirani aliyerudi mwaka jana alimpelekea habari kwamba nyumba haipo ila mwembe upo. Kama kuna msomaji anayejiandaa kurudi upande huo na ana nafasi kwenye gari, apite kwa mzee kwanza amwelekeze. Asiende kuchimba peke yake, mzee amesema ni lazima mahali pakaguliwe.

Anafanya kazi kila siku isipokuwa Ijumaa, tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Anatengeneza majembe, visu, mbuzi za nazi na majiko ya makaa, na kunoa ni bure kwa wajane. Mpini uje nao mwenyewe.